Maneno Kwanza, Magitaa Baadaye

Mji wa Morogoro, ambao wenyeji wake huuita Mji Kasoro Bahari kwa mzaha usiokosa majivuno, umelala chini ya kilele cha Lupanga, mahali ambapo milima ya Uluguru hushuka ghafla na kukoma penye tambarare ya mkonge. Na ijapokuwa wasafiri wengi hukaa hapo kwa muda wa kunywa chai tu, hali wako njiani kwenda Dodoma au Iringa, ni mji huo uliowapa watu wa Afrika ya Mashariki, kwa muda wa miaka thelathini hivi, sehemu kubwa ya nyimbo walizozicheza, walizozililia, na walizozitumia kupelekeana salamu za mapenzi na za lawama. Sura hii yahusu muziki huo: namna ulivyoundwa, mambo uliyoyasema, na khasa jambo moja ambalo wanaousifu hulipita upesi, nalo ni kwamba maneno ya nyimbo zile yalikuwa na adabu nyingi kuliko magitaa yake.

Reli ya kutoka Dar es Salaam iliufikia mji huo mwaka 1907, katika zama za Wadachi, na mashamba ya mkonge yakapata njia ya kupelekea katani yake bandarini. Vibarua walitoka mbali: Wangoni, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi, kila kabila na ngoma yake, na kila ngoma na watu wake. Waluguru wenyewe, watu wahesabuo ukoo kwa upande wa mama, walishuka kutoka Matombo, Mgeta na Kinole na mizigo ya ndizi na mboga, wakauza, wakasikia yaliyokuwako mjini, wakapanda tena. Katika mchanganyiko wa namna hiyo hapana ngoma ya kabila moja iwezayo kuwakusanya watu wote Jumamosi usiku, kwa sababu mgeni katika ngoma ya wenziwe hubaki kuwa mtazamaji. Ilitakiwa ngoma ambayo kila mtu ni mgeni kwayo sawasawa na mwenziwe. Ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa na tarumbeta, sare, na vyeo vya kuigiza vya kizungu, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Vyama vyake viwili vikuu, Marini na Arinoti, viliwafundisha watu somo ambalo bendi za baadaye hazikulisahau, kwamba ngoma haina ladha pasipo mshindani.

Ya pili iliingia kwa njia ya santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika sahani zilizotiwa alama ya GV, zilizokatwa kutoka katika muziki wa Cuba, na mtu aliyekuwa na gramafoni mjini Morogoro aliweza kusikia katika baraza yake maraka, tumba na sauti za watu wa Havana, ambao wengine wao walikuwa wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka bara hili hili. Watu wa Morogoro hawakuyajua maneno ya Kispania, wala hawakuona kuwa ni dhara. Mahadhi yaliwatosha, maneno wangeyaweka wenyewe.

Aliyeyaweka kwa ustadi kuliko wote alikuwa Salum Abdallah Yazidu, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1928 kwa baba mwenye asili ya Kiarabu na mama Mluguru, na ambaye watu walimwita kwa herufi tatu za jina lake, SAY. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka kwao akaenda Mombasa kwa azma ya kupanda meli impeleke Cuba, na kwamba safari ile ikaishia pale pale Mombasa. Mwaka 1948 aliunda bendi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Nilipoyasikia mara ya kwanza yaliyokusanywa chini ya jina Ngoma Iko Huku, kutoka katika rekodi zake za kati ya 1955 na 1965, kilichonishangaza si ufanani wake na Cuba bali upole aliouchukulia uhuru: rumba na chacha zimehifadhiwa mapigo yao, walakini sauti inayoimba juu yake ni sauti ya mtu wa pwani na bara, iliyotulia, isiyopiga kelele, inayomaliza kila neno kwa ukamilifu kama msomaji wa utenzi. Aliaga dunia kwa ajali ya gari mwezi wa Novemba 1965, na bendi ikapita mikononi mwa Juma Kilaza.

Jina lenyewe la mkusanyo ule latuambia habari ya mji. Kusema kwamba ngoma iko huku ni kusema kwamba haiko kule, na kule palikuwa na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944. Mji mdogo ukagawanyika kama ulivyogawanyika zamani kati ya Marini na Arinoti, na kama Dar es Salaam inavyogawanyika mpaka leo kati ya Simba na Yanga. Na bendi mbili zilizokuwa zikipimana kila wiki mbele ya hadhira ile ile, ambayo ilijua kila kifungu cha wimbo wa jana, hazikuwa na nafasi ya kulala. Ustadi wa Morogoro una sababu nyingi, lakini kama ningelazimishwa kutaja moja tu ningeutaja uhasama huo, ambao haukuwa na damu wala ghaidhi, bali ulikuwa na masikio makali.

Mwaka ule ule wa 1944, mwezi wa Juni, alizaliwa huko Mzenga, katika wilaya ya Kisarawe, mtoto wa baba Mluguru na mama Mngoni, jina lake Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alipata umri wa miaka ishirini na kitu hivi alipojiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akawa mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gitaa la solo kwa pamoja, jambo lisilokuwa la kawaida, kwa kuwa aghalabu bendi ziligawa kazi hizo kwa watu watatu. Kugawana kazi huleta amani katika bendi. Kuziunganisha katika mtu mmoja huleta kitu kingine, kwa maana mtu yule yule aliyetunga nasaha ya ubeti wa kwanza ndiye atakayeshika gitaa ubeti utakapokwisha, na atajua ni kitu gani hakikusemwa.

Na tuutazame muziki wenyewe kwa karibu. Katika nyimbo zake za mwanzo wa miaka ya 1970, gitaa la solo hutangulia kwa kifungu kifupi cha nyuzi za juu, noti mbili mbili zikienda sambamba, moja juu ya nyingine, safi, bila mkwaruzo. Kabla kifungu hakijarudiwa, gitaa la ridhim limekwisha kuingia, na halimfuati mwenziwe bali linajaza pale mwenziwe anapovuta pumzi, hata msikilizaji asiyekuwa makini hudhani anasikia gitaa moja lenye vidole vingi. Besi haikai chini kama nguzo. Hutembea, hukatiza sentensi, na wakati mwingine hunyamaza mahali ambapo sikio limekwisha kuizoea. Tumba hushika mwendo bila haraka. Hapo ndipo sauti huingia, nayo ni sauti laini, yenye kupita kidogo puani, mara nyingi imeshikwa mkono na sauti ya pili, na inazungumza moja kwa moja na mtu: rafiki, mpenzi, shemeji, mwananchi. Katika sehemu hii magitaa yote yana heshima. Yanasema kwa sauti ndogo, yanajibu mwishoni mwa mshororo tu, yanangoja.

Maneno yakiisha, mambo hubadilika. Wapiga dansi wa Tanzania huiita sehemu hiyo chemko, na ni dhahiri kwa nini: mwendo hupanda, tumba hujibana, saksafoni, kama zipo, hukazana, na gitaa la solo lililokuwa likingoja huchukua wimbo wote. Mbaraka hakuwa mtu wa kukimbiza vidole ili kuonyesha kwamba anavyo. Alichukua kifungu kimoja, pengine cha noti tano au sita, akakirudia mara nyingi kiasi cha kumfanya mgeni adhani kwamba sahani imekwama. Lakini ukisikiliza kwa utulivu, kila marudio yana jambo: hapa noti moja imenyimwa, hapa kifungu kizima kimesogezwa nusu ya pigo nyuma ya ngoma, hapa kimepandishwa juu na kuachwa kikining'inia wakati besi imekwisha kurudi nyumbani. Ni majaribio, na yalifanywa mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheze, siyo mbele ya wataalamu. Kama jaribio lingekosa, miguu ingesimama, na aibu ingeonekana sakafuni papo hapo.

Umbo hilo la pande mbili, maneno kwanza na magitaa baadaye, halikuwa la Morogoro peke yake, kwani Wakongo walikuwa nalo, na bendi za Tanga, Tabora na Dar es Salaam vilevile. Wala halikutoka katika sanaa peke yake. Sahani ndogo ya mizunguko 45, iliyokatwa Nairobi kwa ajili ya soko la Afrika ya Mashariki nzima, ilibeba upande mmoja dakika nne au tano hivi, muda usiotosha wimbo uliotungwa kwa ajili ya ukumbi. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mtu alisikiliza maneno, sauti ikafifia katikati ya sentensi ya gitaa, akainuka, akageuza sahani, akaiweka sindano, na muziki ukaanza tena pale pale ulipoachia, sasa bila ya kuwa na mtu wa kumwonya wala kumsihi. Sidhani kwamba kampuni za santuri zilikusudia falsafa yoyote katika jambo hilo, lakini ziliigeuza desturi ya ukumbini kuwa kitu cha kushikika: upande wa wosia na upande wa uhuru, na shimo katikati.

Wosia wenyewe ulikuwa juu ya nini? Juu ya mapenzi, bila ya shaka, na juu ya pesa, ambayo katika nyimbo za zama zile si kitu cha kujivunia kama ilivyo katika nyimbo za leo, bali ni hakimu anayemfumbua mtu macho kuhusu jamaa zake. Juu ya mji na shamba: mojawapo ya nyimbo za Mbaraka zinazopendwa sana imepewa jina la Jogoo la Shamba, na hapana Mswahili asiyejua kwamba jogoo huyo hawiki mjini. Fauka ya hayo, bendi zile zilikuwa gazeti. Morogoro Jazz ilipopelekwa Japani mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya Osaka, walirudi na wimbo uitwao Expo 70, ambao kwa wasikilizaji wengi wa vijijini ulikuwa habari ya kwanza ya mwananchi mwenzao aliyeiona nchi ile kwa macho yake. Na tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa huko Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika ugomvi uliotokana na mashamba na siasa ya ujamaa vijijini, Morogoro Jazz ilimtungia marehemu wimbo wa tanzia, na taifa likalia kwa mahadhi yake.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo adabu ya maneno inapoonekana waziwazi. Tanzia ni haki ya kila maiti, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kumlilia mtumishi wa umma aliyepigwa risasi siku ya Krismasi. Lakini Isimani palikuwa na hoja mbili, siyo moja: palikuwa na hoja ya serikali iliyotaka mashamba makubwa yawe ya wote, na hoja ya mkulima aliyefyeka pori kwa mikono yake. Hoja ya pili, hata kama mtu haikubali, ilikuwa na watu wengi nyuma yake. Ni studio gani ingeirekodi? Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali, na maneno ya kila wimbo yalipitiwa kabla ya magitaa kufungwa nyaya. Mtunzi aliyetaka kusikika alijua mpaka uko wapi, na watunzi wenye akili hawangoji kuonyeshwa mpaka. Huuweka wenyewe ndani ya kalamu.

Isidhaniwe kwamba nasema walikuwa waoga, au kwamba hawakuyaamini waliyoyaimba. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwagusa vijana wengi kwa dhati, na mwanamuziki aliyekuwa mtoto wa vibarua wa mkonge alikuwa na sababu zaidi ya mwingine yeyote ya kuamini kwamba utu umerudishwa mahali pake. Tena utunzi wa Kiswahili tangu kale una tabia ya nasaha. Mshairi wetu ni mzee anayeusia hata akiwa na umri wa miaka ishirini. Walakini Waluguru si watu wasiojua kukataa. Mwaka 1955, serikali ya Kiingereza ilipowalazimisha kuchimba matuta katika miteremko yao kwa jina la kuhifadhi udongo, walikataa, pakazuka ghasia huko Matombo, akauawa mtu, na mradi ule ukaachwa. Lugha ya kukataa ilikuwako mlimani. Dansi haikuwa mahali pa kuisemea, kwa sababu dansi ilikuwa mahali pa kukutanika watu wasiokubaliana. Na hapo ndipo ninapodhani kwamba kani ile, isiyokuwa na nafasi katika ubeti, iliingia katika nyuzi.

Ili tulione jambo hilo kwa upande wake wa pili, tuvuke bahari mara moja. Mwezi wa Septemba 1979, miezi minane baada ya kifo cha Mbaraka, vijana wanne wa mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambao baadhi yao walikuwa wanafunzi wa sanaa ya uchoraji katika chuo kikuu cha huko, walitoa sahani iliyoitwa Entertainment!, na bendi yao ilijiita Gang of Four, jina la kejeli walilolitwaa kwa viongozi wanne wa Kichina waliokamatwa mwaka 1976 baada ya kufa kwa Mao. (Wachina kwa watu wa mkoa wa Morogoro hawakuwa kejeli: katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 walikuwa wakitandaza reli ya Tazara katika bonde la Kilombero, na watu waliwajua kwa makoleo yao.) Muziki wa panki ulikuwa umekwisha kupita Uingereza kama tufani, na waliokuja nyuma yake walijiuliza ni kitu gani kinaweza kujengwa penye magofu. Andy Gill, mpigaji wa gitaa wa bendi hiyo, alikataa hata vikuza sauti vya valvu ambavyo wenziwe walivipenda kwa joto la sauti yake, akatumia vile vya transista, vyenye sauti kavu na baridi. Na mahali ambapo wimbo wa kawaida ungempa nafasi ya kupiga solo, aliacha nafasi tupu: besi na ngoma ziliendelea, gitaa likakaa kimya, kisha likakata mara moja kama mkasi, likanyamaza tena.

Maneno yao yalikuwa ya ukali ule ule. Waliimba juu ya starehe iliyogeuzwa bidhaa, juu ya mapenzi yaliyofanana na mkataba wa kazi, juu ya watu wanaotazama vita katika televisheni huku wakinywa chai ya jioni. Katika wimbo wao uitwao Anthrax sauti mbili zinasema kwa wakati mmoja, moja ikiimba habari ya mapenzi kama maradhi, nyingine ikizungumza kwa sauti ya mhadhiri, na msikilizaji hulazimika kuchagua atamsikiliza nani. Walipoalikwa na BBC mwaka huo kuonyesha wimbo wao katika televisheni, waliombwa wabadilishe neno moja lililohusu mipira ya kiume. Wakakataa, wakaondoka, na inasemekana soko lao halikupata kupona sawasawa.

Tofauti iliyopo hapo si ya ustadi, wala si ya ujasiri kama watu wengi wangependa kudhani, kwani mtu aliyekataa ombi la BBC alirudi nyumbani kulala, na shirika lile halikuwa njia pekee ya kuwafikia watu. Tofauti ni ya mahali pa kuweka kitu. Vijana wa Leeds waliliadhibu gitaa ili likubaliane na maneno. Walitaka mwili wa wimbo uwe na mashaka yale yale ya akili yake, na matokeo yake ni muziki unaochezeka lakini unaomtazama mchezaji kwa jicho la kumuuliza. Morogoro walifanya kinyume. Waliyaacha maneno yasimame wima katika kanzu yake, yakiusia na kuomboleza kama inavyopasa, kisha wakaligeuzia gitaa mlango wa nyuma. Wote walikuwa wakiuliza swali moja, nalo ni je, wimbo wa starehe waweza kubeba mambo yasiyokuwa ya starehe? Leeds walijibu kwa kunyamaza mahali pa solo. Morogoro kwa solo isiyotaka kunyamaza. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, huchagua jibu la Morogoro, si kwa sababu ya nchi bali kwa sababu huishi zaidi: kejeli ya mwaka 1979 imekwisha kuhitaji maelezo, ilhali kifungu cha noti sita kilichosogezwa nusu ya pigo hakihitaji mtu wa kukieleza.

Wako wanaotaka kwenda mbali zaidi na kusema kwamba upigaji wa Mbaraka umetoka moja kwa moja katika ngoma za Waluguru, khasa mbeta, ambamo filimbi hupokezana sauti mpaka zikafuma mahadhi mamoja. Ni nadharia inayopendeza, na mtu aliyesikia filimbi hizo kisha akasikia solo na ridhim za Morogoro Jazz hatakosa kutikisa kichwa. Lakini kupokezana sauti ni mali ya Afrika nzima ya kusini mwa Sahara, na Mbaraka alilelewa Mzenga, katika nchi ya Wazaramo, akisikiliza redio na santuri za Kongo kama kijana mwingine yeyote. Mlima ulimpa masikio ya watu waliokuwa wakimsikiliza, na hilo si jambo dogo. Kusema kwamba ulimpa na vidole vyake ni kumdhulumu.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz, akaunda Orchestra Super Volcano, yenye mtindo wa Masika Zole Zole. Juu ya kutengana huko yamesemwa mengi ambayo hayana faida hapa. Muhimu ni kwamba uhasama wa zamani wa Morogoro, uliokuwa kati ya bendi mbili za mji mmoja, ulibadilika ukawa mashindano ya safari: bendi ilikuwa ikiishi barabarani, na soko kubwa la santuri lilikuwa Nairobi, palipokuwa na kampuni na mitambo ambayo Tanzania haikuwa nayo. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, mwanamuziki wa Kitanzania alijikuta wanunuzi wake wako upande mmoja na nyumba yake upande wa pili. Muziki wa Super Volcano wa miaka hiyo umepungua mapambo. Nyimbo ni ndefu zaidi, sauti imechoka kidogo, na chemko haiji kwa mlipuko tena bali hupenyeza kabla ubeti haujakwisha, hata mtu hajui ni wapi wosia ulipoishia. Ni kama upande wa pili wa sahani umeanza kuvuja katika upande wa kwanza. Na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora.

Mwezi wa Januari 1979, akiwa katika ziara ya Kenya, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34, kama alivyofariki kwa ajali ya gari Salum Abdallah miaka kumi na mitatu kabla yake, katika umri wa miaka 37. Wimbo wake Shida ulivuma baada ya kifo chake katika nchi ambayo mpaka wake ulikuwa umefungwa, na watu waliusikia kama wasia wa mwisho, ingawa ulikuwa wimbo tu wa mtu anayelalamikia dhiki, wa namna aliyokuwa akitunga siku zote.

Kampuni ya santuri ya Nairobi iliyakusanya mengi ya aliyoyaacha katika mfululizo wa sahani kubwa ulioitwa Ukumbusho, na humo sehemu ya kwanza na ya pili za nyimbo zimeunganishwa aghalabu, hata anayezisikiliza sasa, katika simu au katika redio ya basi linalopanda Kitonga, hajui kwamba zamani palikuwa na mahali pa kuinuka na kugeuza. Atakaye kuanza asianze na Shida, ambayo imezungukwa na kifo kiasi cha kutosikika yenyewe. Aanze na Salum Abdallah, ili ajue maneno yalivyokuwa yakitamkwa. Kisha Morogoro Jazz ya kabla ya 1973, na humo asipite mbio ubeti kwa hamu ya chemko. Kisha Super Volcano. Akipata sahani ya zamani ya mizunguko 45 na kitu cha kuipigia, ainunue hata ikiwa na mikwaruzo, mradi upande wa pili uwe mzima.